Nimeiona pikipiki yangu iliyoibwa 2019, inauzwa mtandaoni. Naombeni ushauri kabla sijakosea

Keria ya Nondo (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, atakayechoka apumzike njiani.

Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Mwaka 2018 nilichukua mkopo wa mshahara nikanunua Boxer 150 mpya, milioni mbili na laki tatu na ushee, nikampa kijana wa mtaani aendeshe kwa mkataba. Hesabu elfu kumi kwa siku, Jumapili yake. Kijana alikuwa anajitahidi, siku mbaya analeta saba na kuniambia ukweli.

Machi 2019 ikaibwa. Usiku, kama saa tano. Nikaenda kituoni, nikafungua kesi, nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Bima ilikuwa ile ndogo, na bima ndogo haikulipi senti ukiibiwa, hilo nililijua siku ile ile nikiwa nimeshika kichwa. Mkopo ukaendelea kukatwa miezi ishirini na kitu. Yaani kila tarehe ya mshahara nalipia pikipiki ambayo sijui inambeba nani.

Sasa juzi Jumatano nipo nasahihisha daftari, simu inaita ujumbe. Kuna kundi la WhatsApp la kununua na kuuza pikipiki, niliingizwa na shemeji yangu. Kuna mtu kaweka picha tatu: "Boxer 150, injini haijafunguliwa, kadi ipo mkononi, 1.4 maongezi yapo." Rangi nyeusi, yangu ilikuwa nyekundu. Namba ya usajili si yangu. Ningepita tu.

Ila picha ya tatu imepigwa kwa nyuma, na keria ni yangu.

Niwaeleze. Ile keria ya kiwandani niliitoa, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale Sabasaba akanitengenezea ya nondo, ndefu, ya kubebea kreti za mikate. Kulabu ya kushoto ya kufungia mpira aliikunja kwa nondo hiyo hiyo. Ya kulia nondo ikawa imeisha, akachukua kiungo cha mnyororo, akakikata nusu, akachomelea. Nilimlalamikia siku ile kwamba haifanani. Akaniambia "mwalimu, ng'ombe akiwa na pembe moja bado ni ng'ombe." Miaka mitano baadaye naiangalia ile pembe kwenye simu.

Muuzaji yupo wilaya nyingine, bonde la Kilombero huko, mji sitautaja. Kadi halisi ya usajili ninayo, kopi ya RB ninayo, ina doa la chai lakini inasomeka. Na yule dereva tulishamalizana naye kitambo.

Maswali: niende nikajifanye mnunuzi? Niende na vijana? Au miaka mitano ikipita mali inakuwa ya aliyenayo?

Mzee wa Kijiwe

Siti ya mbele. Pole mkuu.

Tajiri Mtarajiwa

Keria za nondo nchi hii zipo elfu ngapi? Umeota, mwalimu. Rudi kwenye daftari.

Fundi Shoki

Tajiri, wewe hujawahi kushika pikipiki. Keria ya kuchomelea kwa mkono ni kama mwandiko. Hata mimi nikiona kazi yangu ya miaka kumi naijua kwa namna nilivyoachia moto.

Mwalimu nisikilize. Keria inafunguliwa kwa boliti nne. Inawezekana pikipiki yako ilishachinjwa zamani, keria ikauzwa peke yake elfu kumi na tano, ikafungwa kwenye pikipiki halali ya mtu. Usiende kichwa kichwa. Angalia vitu ambavyo havihami: namba ya chesisi, yaani ya fremu, imegongwa shingoni, pale bomba la usukani linapopita. Ni herufi na tarakimu 17, Boxer za India zinaanza na MD2. Hiyo ndiyo pikipiki. Vingine vyote ni spea.

Keria ya Nondo

Fundi, nimekuelewa. Nilimpigia muuzaji nikijifanya mteja, nikamwomba picha ya chesisi. Akasema "mteja serious anakuja kuiona". Nikamwomba picha ya kadi, akatuma kopi. Jina ni la mtu wa Singida, siyo lake. Nikamuuliza mbona jina si lako, akajibu, nanukuu: "Boda gani huku ina jina la mwenye nayo?"

Ngosha wa Bodaboda

Hapo kasema kweli 😂 Mimi natumia ya tatu sasa, kadi ina jina la mtu ambaye sijawahi kumuona. Kubadili umiliki TRA kuna kodi yake na kuna TIN, watu wanaandikishana kwa mwenyekiti, wanapigiwa mhuri, maisha yanaendelea. Ndiyo maana wezi wanastawi. Wananunua kadi na kibao cha namba cha pikipiki iliyokufa kwa ajali, wanavalisha ya wizi. Trafiki akikusimamisha kadi na kibao vinafanana, nani ataanza kusugua matope shingoni kusoma tarakimu 17?

Wakili wa Mtaani

Mleta uzi, nijibu maswali yako kwa mpangilio wangu.

Mtu hawi mmiliki wa mali ya wizi kwa sababu tu kaishika miaka. Kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, msingi ni kwamba muuzaji hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Mwizi hana haki, aliyenunua kwake hana, na wa nne kwenye mnyororo hana, hata kama kila mmoja alilipa pesa halali na kupigiwa mhuri. Kesi ya jinai nayo haina ukomo wa miaka kama ilivyo kwenye madai.

Lakini usichanganye mambo mawili. Kupata pikipiki ni jambo moja, kumfunga aliyekutwa nayo ni jingine. Ipo kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Mahakama ya Rufani imeirudia mara nyingi: mali ikutwe kwa mshtakiwa, ithibitike ni ya mlalamikaji, iwe imeibwa karibuni, na iwe ndiyo inayotajwa kwenye shtaka. Miaka mitano siyo karibuni, hasa kwa kitu kinachobadilisha mikono kama pikipiki. Linabaki kosa la kupokea mali ya wizi, kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, na hapo lazima ionekane alijua au alikuwa na sababu ya kujua.

Kwa hiyo usiende na hasira ya kufunga mtu. Nenda na karatasi. Na usiinunue! Wapo wanaoshauri "nunua tu kwa laki tano yaishe". Ukishanunua umejiwekea mkataba mpya juu ya mali yako mwenyewe, halafu muuzaji anapotea.

Kamanda Mstaafu

Nakazia. Na hilo la "niende na vijana" lifute kabisa. Ukifika kijiji cha watu ukanyoosha kidole ukasema "mwizi", huna breki tena. Wataua mtu mbele yako kwa matairi na wewe utakuwa mshtakiwa namba moja. Au watakugeukia wewe mgeni.

Nenda kituo kile kile ulichofungulia. Jalada lililofungwa kwa kukosa mtuhumiwa linafunguliwa upya ukileta jambo jipya. Mwombe mkuu wa upelelezi wa wilaya awasiliane na mwenzake wa huko.

Dada Msamvu

Samahani mwalimu. "Dereva tulishamalizana naye" maana yake nini?

Keria ya Nondo

Dada, hilo ni jambo la zamani, lilikwisha kwa maandishi. Tujikite kwenye mada.

Dada Msamvu

Haya. Nimekaa.

Mpunga Mwekundu

Niongee upande wa pili, maana huku wote mnaongea kama wenye pikipiki zilizoibwa.

Mimi nilinunua pikipiki mwaka 2016, milioni moja na laki mbili, pesa ya mavuno. Mkataba kwa mtendaji, mashahidi wawili, kadi nikapewa. Miaka miwili baadaye wakaja askari na mzee mmoja kutoka Iringa, wakakuta chesisi ni ya kwake. Niliiangalia inapakiwa kwenye gari na gunia langu la mahindi bado limefungwa juu, nikawaambia jamani nifungueni basi mahindi yangu. Nililala ndani siku mbili. Aliyeniuzia namba yake haipatikani mpaka leo. Mzee wa Iringa aliondoka na mali yake na ni haki yake, sina neno. Ila hakunisalimia hata.

Mwalimu, ukifika kwa huyo jamaa msalimie.

Mzee wa Kijiwe

Hii comment imenikalisha kimya.

Chuma Hakioi

Mimi namuunga mkono aliyesema uhakiki kwanza. Chukua ile namba ya usajili iliyo kwenye picha, iingize kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, unaona kama ina bima na ya chombo gani. Iingize na kwenye mfumo wa faini za trafiki. Kama bima ya mwisho ni ya miaka minne nyuma, au chombo kinachosomeka ni TVS wakati picha ni Boxer, umemkamata bila kutoka kitandani.

Keria ya Nondo

Nimejaribu. Bima iliisha 2018 na haijakatwa tena. Kesho asubuhi nipo kituoni. Kamanda asante, Wakili asante. Mpunga, nimekusikia.

Tajiri Mtarajiwa

Nasubiri mrejesho. Japo bado naona ni chai.

(Siku kumi na mbili baadaye)

Keria ya Nondo

MREJESHO

Wakuu, samahanini kwa ukimya. Nitaeleza kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo sikutaka kuieleza.

Kituoni walinizungusha siku mbili kulitafuta jalada, likapatikana. Nikapewa askari wa upelelezi, kijana mtulivu, haongei sana. Tulipanda basi Msamvu saa kumi na mbili asubuhi, nauli za wote nimelipa mimi, sitalalamika. Mikumi, Kidatu, tukaingia bondeni. Pande zote mashamba ya mpunga.

Huko tukaripoti kituo cha pale kwanza, wakatupa askari mwingine. Muuzaji nikampigia, akasema njoo nyumbani. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya upande mmoja. Pikipiki imeegeshwa chini ya mwembe, imeoshwa, inang'aa, tairi zimepakwa mafuta. Mtu anayeuza mali anayoipenda utamjua. Nikakumbuka maneno ya Mpunga, nikamsalimia, akanipa kigoda.

Nilipogusa ile kulabu ya kulia, mkono ulitetemeka. Lakini nilinyamaza. Askari wakajitambulisha, wakasoma shingo. Na hapo ndipo moyo ulipozama: chesisi imesagwa kwa grainda, imepakwa rangi nyeusi, juu yake zimegongwa namba za ile kadi ya Singida. Herufi zimepinda, moja iko juu nyingine chini, kama mtoto wa chekechea kaziandika. Injini wakasoma, namba safi kabisa, haijaguswa. Ila si ya pikipiki yangu, wala si ya kadi ya Singida.

Jamaa hakukimbia. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni, ndani kuna mkataba wa mauziano na mhuri wa mtendaji wa kijiji. Alinunua Aprili 2019, wiki tatu baada ya yangu kuibwa, laki tisa. Jina la muuzaji limeandikwa majina matatu, na dole gumba.

Askari wetu, yule asiyeongea, alipolisoma lile jina akalirudia mara mbili. Akatoka nje akapiga simu. Aliporudi akaniambia: "Mwalimu, huyu mtu yupo gerezani. Alihukumiwa miaka thelathini, unyang'anyi wa kutumia silaha. Alikuwa anakodi bodaboda usiku, akifika gizani anampiga dereva kabali, mwenzake anatokea na panga."

Sasa Dada Msamvu, nikujibu.

Usiku ule dereva wangu alikuja kwangu kwa miguu saa saba. Aliniambia alikodiwa na abiria mmoja kwenda Mkundi, njiani akapigwa kabali, akapoteza fahamu, alipoamka hakuna pikipiki. Nilimmulika kwa tochi ya simu. Hakuwa na jeraha, hakuwa na damu, shati limechafuka vumbi tu. Nikamwambia angekuwa na jeraha ningekuamini. Nilimpeleka kituoni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kama mtuhumiwa. Alilala ndani usiku nne. Kisha tukakaa ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti, mabalozi, majirani dirishani, mama yake akatia dole gumba kwamba atalipa laki saba. Aliuza gunia nane za mpunga. Kijana alihama mtaa, kwa sababu kila akipita watoto walimwita kwa jina nisilotaka kuliandika hapa.

Hizo laki saba nilizipokea, nikazihesabu.

Pikipiki imekamatwa kwa hati, ipo kituoni kama kielelezo. Lakini mkuu wa upelelezi kaniambia wazi: chesisi imesagwa, injini si yako, kadi yako haina cha kushika. Kupeleka maabara ya Jeshi la Polisi inawezekana ila inachukua muda. Anachotaka ni mtu atakayetaja alama maalum kabla hajaonyeshwa pikipiki. Keria haitoshi, inafunguka. Mimi alama nyingine sina. Niliipanda mara tatu tu, mara zote nyuma.

Mtu aliyeijua pikipiki ile ni mmoja.

Dada Msamvu

Nilijua tangu siku ya kwanza. Mtu aliyemalizana na mwenzake kwa heri huwa anamtaja kwa jina.

Ngosha wa Bodaboda

Mwalimu umenikera mpaka nimeweka simu chini. Kabali mara nyingi haiachi jeraha! Ndiyo maana wanaitumia. Muulize dereva yeyote wa usiku. Shingo inauma wiki nzima, kumeza mate shida, lakini ukiangaliwa unaweza usionekane na kitu. Sisi tunaibiwa, tunapigwa, halafu tajiri anatuuliza jeraha liko wapi.

Tajiri Mtarajiwa

Nafuta kauli yangu ya chai.

Fundi Shoki

Mimi nakaa kwenye chuma, ya mioyo nawaachia wengine. Maabara usiikatie tamaa. Namba ikigongwa, chuma cha chini yake kinagandamizwa kuliko cha pembeni. Hata ukisaga juu, ule mgandamizo unabaki kwa kina fulani. Wataalamu wanang'arisha pale, wanapaka tindikali, chuma kilichogandamizwa kinaliwa tofauti na kile cha pembeni, na namba ya zamani inarudi kama kivuli. Kama hawakusaga sana na hawakujaza kwa moto wa kuchomelea, inaweza kurudi.

Na hiyo injini safi isiyo yako wala ya Singida, mwambie askari aifuatilie. Hiyo ni pikipiki ya mtu mwingine kabisa.

Wakili wa Mtaani

Afisa yule yuko sahihi. Kutambua mali baada ya kuonyeshwa hakuna uzito. Shahidi aandike kwenye maelezo yake kwanza, kisha mali iletwe. Na huyo kijana ni shahidi wa tukio lenyewe, siyo wa alama tu. Ila huwezi kumlazimisha, na kwa uliyoyaeleza, asipokuja nitamwelewa.

Mpunga Mwekundu

Nenda kwa mama yake kwanza. Usianzie kwa kijana.

(Siku tisa baadaye)

Keria ya Nondo

Nilienda kwa mama.

Nilipiga hodi jioni, nikatoa shikamoo japo hatujapishana sana umri. Aliitikia, hakunikaribisha ndani, alinipa mkeka uani akaendelea kupeta. Nikaeleza yote: picha, mwembe, mkataba, jina la yule mfungwa. Ungo haukusimama. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo mwanangu alikabwa." Nikasema ndiyo mama. Akasema, "Nilikuwa namkanda shingo kwa maji ya moto. Nilikwambia pale ofisini. Ulisema ni mchezo wa kuigiza."

Sikumbuki kusema hivyo. Lakini siwezi kusema sikusema.

Namba ya kijana alinipa. Yuko Kihonda, saidia fundi kwenye jengo. Nilimkuta anachanganya zege, amekomaa, ana ndevu. Alinisikiliza akiwa ameshika koleo. Aliniuliza swali moja: "Tangi lipo lile lile?" Nikamwambia limepakwa rangi nyeusi lakini naona ni lile. Akasema tangi lenyewe si muhimu, muhimu ni chini yake. Hakunieleza zaidi, na safari hii nilikuwa na akili ya kutouliza.

Tukaenda Alhamisi. Aliandika maelezo yake mbele ya askari, karibu saa nzima, mimi nikiwa nje. Baadaye nilisomewa sehemu ya alama. Aliandika kwamba mwaka 2018 mkewe alipojifungua, tangi lilikuwa limefunguliwa kwa fundi kwa ajili ya waya wa kabureta. Wakati fundi anahangaika, yeye alichukua msumari akakwaruza kwenye bomba la fremu, upande wa kushoto, herufi ya kwanza ya jina la binti yake na tarehe aliyozaliwa. Hakuna aliyejua. Pikipiki haikuwa yake, aliogopa ningemkata hesabu kwa kuharibu rangi.

Askari wakaita fundi wa jirani. Kiti kikatolewa, boliti ya nyuma ya tangi ikafunguliwa, bomba la mafuta likachomolewa, tangi likanyanyuliwa. Waliopaka rangi nyeusi hawakuvua tangi, walipuliza juu juu, kwa hiyo chini yake fremu bado ina rangi yake ya kiwandani na vumbi la miaka. Fundi akapangusa kwa kitambaa chenye petroli.

Herufi F. Tarehe kamili.

Kijana hakusogea kuangalia. Alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, akamuuliza askari, "Ipo?" Askari akasema ipo. Akasema "Haya", akaenda kununua maji.

Mambo mengine kwa kifupi, maana nimechoka kuandika. Mkuu wa upelelezi amesema pikipiki ipigwe picha, jalada liende kwa mwendesha mashtaka, kisha tuombe mahakamani irudishwe kwangu kwa dhamana ya kuileta itakapohitajika. Injini wameifuatilia, ina kesi yake, ni ya mtu wa Dodoma, iliibwa na yeye ana RB. Kwa hiyo nitapewa fremu na keria, injini inamsubiri mwenyewe. Yule jamaa wa mwembe hajashtakiwa, ameandikwa shahidi kwa sababu mkataba wake ndio uliomtaja mfungwa. Laki tisa yake imekwenda. Alinisindikiza mpaka stendi akaniambia mpira wa kufungia mizigo ulio kwenye keria ni wake, alinunua mwezi uliopita. Nimemwahidi nitamtumia.

Fundi Shoki

Boxer fremu tupu bila injini ni sawa na kitanda bila chaga. Ukipata injini ya halali, uje na risiti yake na uibadilishe TRA kwenye kadi, usije ukawa wewe ndiye unayekamatwa mwaka 2030.

Ngosha wa Bodaboda

Na kijana?

Keria ya Nondo

Nilimwambia pikipiki ikitoka ni yake, bila mkataba, bila hesabu. Amekataa. Anasema usiku wa barabara hautaki tena. Alichotaka ni kikao. Ofisi ile ile ya serikali ya mtaa, mwenyekiti, mabalozi, na wale majirani waliokuwa dirishani, niwaambie kwa mdomo wangu nilichowaambia ninyi hapa. Mwenyekiti siku hizi ni mwingine, lakini daftari la kumbukumbu lipo, ukurasa wenye dole gumba la mama nimeuona. Barua za wito nimeziandika mwenyewe, nimezisambaza nyumba kwa nyumba. Ni Jumamosi saa nne.

Dada Msamvu

Nenda na ile laki saba.

Keria ya Nondo

Iko kwenye bahasha tangu wiki iliyopita. Nilimpelekea mama jana, hakuipokea. Kaniuliza gunia nane za mpunga leo ni shilingi ngapi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi nenda sokoni ukaulize, halafu uje Jumamosi."

Nimetoka kuuliza. Bahasha haitoshi.